Envelopu, LFO, nasibu au mkono: nani aisogeze sauti yako?

Umefungua sinthesaiza ya kompyuta (programu ya kutengeneza sauti za ala), umechagua wimbi, umewasha filta (kichujio cha sauti), lakini sauti imekaa kama honi ya daladala: inaanza, inalia, inakata. Inachokosa ni mwendo. Ukitazama skrini ya sinthesaiza iitwayo Vital unakuta vya kuleta mwendo vimejaa tele: envelopu 6 (mikunjo ya kupanda na kushuka), LFO 8 (mawimbi ya polepole yanayojirudia), vyanzo 4 vya nasibu, makro 4 (nobu moja inayosogeza nyingi), halafu velositi (nguvu ya kupiga noti), gurudumu la modulesheni na ndugu zake. Wengi huikimbilia LFO kwa sababu ndiyo inayochezacheza machoni, kisha wanashangaa besi inayumba ilhali walitaka igonge.

Kuuliza ni kipi kinatoa sauti nzuri hakukufikishi popote, maana vyote vina kazi moja: kukuzungushia nobu, yaani kitufe cha kuzungusha, huku mikono yako ikiwa kwingine. Kinachovitofautisha ni nani anayetoa amri ya kuanza. Envelopu inasubiri noti. LFO inafuata saa. Nasibu inajiendea. Vyanzo vya mkono vinakusubiri wewe. Ukishajua mwendo unaoutaka uanzishwe na nani, kilichobaki ni vipimo.

Mifano ya hapa inatumia Vital ya Matt Tytel, iliyotoka Novemba 2020, kwa sababu ina toleo la bure na inachora mwendo wa kila nobu ukiwa unaendelea. Surge XT, ambayo ni ya bure kabisa, na Serum zina vyanzo hivihivi. Vitufe tu ndivyo vimehamishwa.

Vigezo

Kila chanzo kitapimwa kwa mambo matano. Kwanza, mwendo unaanzia wapi na unaishia wapi. Pili, je, kila noti inapata mwendo wake au noti zote zinasogezwa pamoja? Kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za padi, ile sauti ndefu ya kujaza nyuma, hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Tatu, chanzo kinakaaje na tempo. Nne, panapoharibika, na kwa nini. Tano, kinamfaa nani.

Ili tusionee chochote, vyote vitapewa sauti ileile ya majaribio. Anza na priseti (mpangilio wa sauti) tupu. Osileta ya 1, yaani kinachotoa wimbi, iwe wimbi la msumeno. Washa filta ya 1, chagua ya kupitisha sauti za chini yenye mteremko wa desibeli 24, na mkato wake, yaani masafa inapoanzia kukata, uweke karibu na 200 Hz. Piga noti: sauti ni nzito, imefunikwa, kama redio ya jirani inayosikika kupitia ukutani. Sasa buruta chanzo unachokijaribu hadi juu ya nobu ya mkato na uweke kiasi cha oktava 3, yaani nusu toni 36. Mwendo ukiwa wa upande mmoja, kwenda juu tu, mkato utakuwa unatembea kati ya 200 Hz na 1,600 Hz.

Kama nobu inasogea na husikii tofauti yoyote, usilaumu chanzo. Mara nyingi filta haijawashwa, au osileta imeelekezwa kwenye filta nyingine au moja kwa moja kwenye efekti.

Envelopu: mwendo unaoanzishwa na noti

*Unaanzia wapi.* Ukibonyeza noti, envelopu inapanda kwa muda wa ataki, inashuka kwa muda wa dikei hadi kiwango cha sasteini, inakaa hapo mpaka uachie, kisha inamalizika kwa muda wa rilisi. Vital imeongeza hatua mbili, kuchelewa kabla ya ataki na kushikilia kabla ya dikei. Envelopu ya 1 imeshafungwa kwenye ukubwa wa sauti na huwezi kuiondoa hapo. Kwa filta tumia ya 2.

Ipe ile sauti ya majaribio ataki 0, dikei 250 ms (milisekunde), sasteini 0 na rilisi 250 ms. Filta inafunguka ghafla halafu inajifunga, na papo hapo unapata mlio wa kudonoa, wa jamii ya gitaa. Mabadiliko madogo ya dikei hapa yana uzito wa ajabu: kwenye 80 ms unasikia kitu kama marimba, kwenye 600 ms ni sinthi ya filamu za zamani.

*Noti moja au zote.* Kila noti ina envelopu yake. Kodi ya noti tatu zilizopigwa kwa kupishana itafunguka mara tatu, kila moja kwa zamu yake. Ila ukiweka sinthesaiza kwenye noti moja kwa wakati na kuwasha legato (noti kuunganishwa bila kukatwa), noti inayoingia kabla ya iliyotangulia kuachiwa haianzishi envelopu upya. Ndiyo maana mstari wa besi unagonga kwenye noti ya kwanza halafu zinazofuata zinatoka butu. Dawa ni kuzima legato, au kufupisha noti kwenye programu ya kurekodia ili zisigusane hata kidogo.

*Tempo.* Envelopu za Vital huhesabu sekunde, hazijui wimbo unakimbia kwa kasi gani. Ukipandisha wimbo kutoka mapigo 100 hadi 112 kwa dakika, dikei inabaki palepale. Hesabu ya kukumbuka ni 60,000 gawanya kwa tempo. Jibu ni urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Katika mapigo 112 pigo ni 536 ms, na robo yake, ile tunayoiita moja ya kumi na sita, ni 134 ms. Dikei ya 250 ms kwenye noti za moja ya kumi na sita haitamaliza safari: noti inayofuata inafika filta ikiwa bado wazi, na mstari mzima unageuka uji. Singeli inabana zaidi. Kwenye mapigo 240 moja ya kumi na sita ni 62.5 ms tu, kwa hiyo anza na dikei ya 40 hadi 60 ms, la sivyo mdono unapotea wote.

*Panapoharibika.* Kosa la kwanza: unazungusha dikei na hakuna kinachobadilika. Angalia sasteini. Ikiwa juu kabisa, dikei haina pa kushukia. La pili: envelopu ya sauti ni fupi kuliko ya filta, sauti inakufa kabla filta haijatembea. La tatu halionekani kirahisi: rilisi ya filta ikiwa fupi kuliko rilisi ya sauti, mkia wa noti unafunikwa mara tu unapoachia, kama mtu aliyezibwa mdomo. Zilinganishe.

Kuna pia ule mlio wa "tak" mwanzoni au mwishoni mwa noti. Unatokea kwa sababu wimbi limeanzishwa au kukatwa katikati ya mzunguko wake. Mwanzoni, ataki ya 2 hadi 5 ms inatosha kuufuta. Mwishoni, fikiria masafa: noti ya 50 Hz inachukua 20 ms kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo rilisi ya 5 ms inalikata wimbi njiani. Kwa besi weka 20 ms au zaidi.

Mfano ambao envelopu haina mpinzani ni logi dramu ya amapiano, ambayo siku hizi imejaa hata kwenye Bongo Fleva. Mwili wake ni wimbi laini la chini, kati ya 41 na 55 Hz. Kinachoifanya isikike kama kigogo kilichopigwa ni envelopu tatu zinazoanza pamoja na kuisha kwa nyakati tofauti. Ya 1, ya sauti: ataki 1 ms, dikei 600 ms, sasteini 0, rilisi 60 ms. Ya 2 inaelekezwa kwenye pichi kwa nusu toni 12, dikei 40 ms, sasteini 0. Hiyo ndiyo ngumi ya mwanzo. Ya 3 inaelekezwa kwenye kiasi cha FM (osileta moja kutikisa masafa ya nyingine), osileta ya 2 ikiwa imewashwa na sauti yake kushushwa hadi 0, dikei 120 ms. Hiyo ndiyo mbao. Dikei ya pichi ikivuka 100 ms unaanza kusikia mteremko wenyewe badala ya kishindo, na noti inaonekana haijatuniwa ingawa imetuniwa vizuri. Ikibaki chini ya 15 ms, kishindo kinageuka "tak" tupu.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza vitu vya kupigwa na kudonolewa, besi, na yeyote anayetaka sauti itii kila noti.

LFO: mwendo unaofuata saa

*Unaanzia wapi.* LFO ni wimbi la polepole linalojirudia. Halisikiki lenyewe, linasukuma na kuvuta nobu. Ukiifunga kwenye mkato wa ile sauti yetu ya majaribio kwa umbo la pembetatu na kasi ya robo noti, filta inasema "wau, wau, wau" mpaka uachie.

Mwanzo wake hutegemea modi uliyochagua, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kwenye modi ya Trigger, LFO inarudi mwanzo kila noti inapopigwa. Kwenye Sync, inafuata mahali wimbo ulipo, noti ikiingia inakuta gari limeshaondoka na kudandia. Modi ya Envelope inapita mara moja na kusimama, kwa hiyo hapo LFO imegeuka envelopu ya kuchora kwa mkono, tena yenye kujua tempo. Ukikumbuka lalamiko la juu kwamba envelopu za Vital hazijui tempo, mlango wa nyuma ni huo.

*Noti moja au zote.* Trigger humpa kila mtu wake: noti zikipigwa kwa kupishana, kila moja inayumba kwa wakati wake na padi inakuwa kama maji. Sync huzifunga zote ziyumbe kwa mguu mmoja. Surge XT imelitenganisha jambo hili wazi zaidi, ina LFO 6 za kila noti na nyingine 6 za sauti nzima. Kwa padi tulivu, jaribu za kila noti. Kwa pampu (sauti inayoshuka na kupanda kwa mdundo) inayokwenda na kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, tumia ya pamoja au modi ya Sync, vinginevyo kila kodi itapumua nje ya ngoma.

*Tempo.* Hii ndiyo nguvu ya LFO, na ndiyo mtego wake. Unachagua robo noti, moja ya nane, moja ya kumi na sita, zenye nukta au za tatu tatu, na ukibadilisha tempo ya wimbo inafuata bila kuulizwa. Lakini jina la noti halikuambii kasi halisi. Kwenye amapiano ya mapigo 112, moja ya kumi na sita ni mizunguko 7.5 kwa sekunde, sikio linaihesabu kama mtetemo wa haraka. Peleka priseti hiyohiyo kwenye singeli, ambako mapigo huwa kati ya 200 na 300 kwa dakika. Kwenye 240, moja ya kumi na sita ni 16 Hz, na moja ya thelathini na mbili ni 32 Hz. Sikio la binadamu huanza kusikia sauti kama noti karibu na 20 Hz. Maana yake LFO yako imeacha kuwa mwendo. Imekuwa ukwaruzo unaoongeza masafa mapya ndani ya sauti. Wapo wanaoutafuta ukwaruzo huo kwa makusudi, na singeli inauvumilia vizuri. Kama ulichotaka ni mtikisiko unaohesabika, shuka hatua moja: moja ya nane kwenye mapigo 240 ni 8 Hz, karibu sawa kabisa na ile moja ya kumi na sita ya amapiano.

*Panapoharibika.* Vibrato inayotoka nje ya tuni ni kosa la kila siku. LFO iliyofungwa kwenye pichi ikiwa na mwendo wa upande mmoja, husogea kutoka 0 kwenda juu tu. Ukiweka senti 30 (senti 100 ni nusu toni moja), noti inazunguka kati ya 0 na 30, na wastani wake ni senti 15 juu ya waimbaji wako. Fungua jedwali la modulesheni, geuza iwe ya pande mbili, juu na chini ya noti. Kasi ya 5 hadi 6 Hz, kina cha senti 15 hadi 25 kila upande, na kuchelewa kwa 300 ms ili noti isimame kwanza ndipo itetemeke, kama waimbaji wafanyavyo.

Kosa jingine ni LFO ya mraba kwenye ukubwa wa sauti. Kona zake ni kali, kila kona inalia "tak". Zungusha nobu ya kulainisha kidogo tu, au chora kona zenye mteremko wa 3 hadi 5 ms.

*Inamfaa nani.* Anayetaka sauti ndefu ziwe na mdundo ndani yake, padi zisizochosha, besi za kuyumba, na pampu ya kuipisha kiki. Kwa mtu anayeandika noti chache ndefu na kuiacha sauti ifanye kazi, LFO ndiyo mwajiriwa wake.

Nasibu: mwendo unaojiendea

*Unaanzia wapi.* Vital ina aina nne. Sampuli-na-kushika huruka kutoka thamani moja kwenda nyingine kama ngazi. Aina ya pili huziunganisha ngazi hizo kwa mikunjo laini. Perlin hutambaa bila kona. Ken Perlin aliibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya picha za kompyuta, zile za mawingu na marumaru, na ukiisikiliza kwenye filta unaelewa kwa nini. Ya nne inatokana na hesabu za Edward Lorenz za mwaka 1963 kuhusu mienendo ya hewa: inazunguka eneo moja, inazoea, halafu ghafla inahamia jingine. Mbali na hizo kuna chanzo cha nasibu cha kila noti, kinachotoa namba moja noti inapopigwa na kuishikilia mpaka mwisho.

*Noti moja au zote.* Kila noti hupata bahati yake, na hapo ndipo utamu ulipo. Kodi yenye noti nne ambazo kila moja imehama senti 3 hadi 6 kwa nasibu inasikika kama wapigaji wanne, si mashine moja.

*Tempo.* Sampuli-na-kushika ikifungwa kwenye moja ya kumi na sita na kuelekezwa kwenye ile filta yetu inatoa mchezo wa roboti unaokaa kwenye mdundo ingawa hujui ngazi inayofuata itakuwa ipi. Perlin iache huru, mzunguko mmoja kwa sekunde 2 hadi 8.

*Panapoharibika.* Ukitoa faili leo na kesho, hazitafanana. Mteja aliyependa ile ya jana hataipata. Ukisikia toleo lililokaa vizuri, ligeuze audio papo hapo na ufanye kazi na audio hiyo.

Halafu kuna nasibu iliyojificha, ambayo watu hawajui kama wanaitumia. Kila osileta ya Vital ina kipimo cha kuchanganya mahali wimbi linapoanzia, na kwa kawaida kipo 100%. Kwa padi ni sawa kabisa. Kwa logi dramu au besi inayogonga pamoja na kiki ni balaa: mara wimbi linaanzia juu na kuisaidia kiki, mara linaanzia chini na kuimeza, na wewe unahangaika na kompresa (kisawazisha ukubwa wa sauti) ukidhani tatizo liko kwenye miksi. Kishushe hadi 0% kabla hujagusa kitu kingine.

Kiasi kikubwa ni kosa la wageni. Nasibu ikiwa na kina cha 5% hadi 10% kwenye filta, msikilizaji haijui ila anaihisi. Ikifika 60% anajua kuna kitu kinacheza.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza padi, mandhari za filamu, sauti za vitu vya kale vyenye uchakavu, na anayekerwa na noti kumi na sita zinazofanana kama matofali. Haimfai anayepaswa kutoa sauti ileile kila mara.

Mkono: velositi, gurudumu, makro

*Unaanzia wapi.* Kwako. Velositi ni nguvu uliyopigia noti, kutoka 1 hadi 127. Gurudumu la modulesheni na makro vinasogea unapovisogeza. Kwenye sauti yetu ya majaribio, velositi ikipewa mkato, noti laini inabaki nyuma ya ukuta na noti ya nguvu inaruka mbele. Hakuna chanzo kingine kinachofanya sinthesaiza iwe ala ya kupigwa kwa kiwango hiki.

*Noti moja au zote.* Velositi ni ya kila noti na haibadiliki baada ya kupigwa. Gurudumu na makro husogeza noti zote zilizo hewani. Kinanda cha MPE (aina ya MIDI inayosoma kila kidole peke yake) hukupa mgandamizo na mtelezo wa kila kidole peke yake, ila vinanda vidogo vya bei nafuu mara nyingi havina hata mgandamizo wa kawaida baada ya kupiga, kwa hiyo usijenge priseti juu ya kitu usichokuwa nacho.

*Tempo.* Mkono hufuata moyo wa mpigaji. Ukitaka ukae kwenye mdundo, rekodi otomesheni (mwendo wa nobu ulionaswa kwenye programu) halafu uinyooshe.

*Panapoharibika.* Anayeandika noti kwa mausi anaweka velositi kwenye filta na haoni tofauti. Sababu ni kwamba programu nyingi huandika noti zote kwa nguvu moja, na kubonyeza herufi za kompyuta kama kinanda kunatoa yaleyale. Velositi isiyobadilika ni sawa na kuongeza namba moja kwenye mkato na kwenda zako. Ingia kwenye safu ya velositi, shusha noti za kupita hadi 60 au 70, pandisha za mkazo hadi 110.

Ngazi za gurudumu nazo husikika. MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta iliyotoka 1983, inalipa gurudumu hatua 128 tu. Zitandaze kwenye oktava 10 za filta na kila hatua ni karibu nusu toni nzima. Ukiwa na rezonansi (mkazo wa filta kwenye mkato) kali unasikia ngazi, si mteremko. Punguza upana hadi oktava 3 au 4, au chora otomesheni ya makro ndani ya programu ya kurekodia, ambako hatua ni ndogo zaidi. Na kama nobu inarudi kila unapoigusa, kuna otomesheni ya zamani imelala chini yake. Ifute.

*Inamfaa nani.* Mpigaji wa jukwaani, mwenye kinanda mbele yake, na anayejenga wimbo unaofunguka taratibu kutoka beti hadi kiitikio. Makro moja iliyofungwa kwenye mkato, kiasi cha eko na mchanganyiko wa rivabu (mwangwi wa chumba) hukupa mstari mmoja wa otomesheni badala ya mitatu.

Vinaposhirikiana

Katika Vital unaweza kuburuta chanzo kimoja juu ya kinobu kidogo cha kiasi cha chanzo kingine. Gurudumu likidhibiti kina cha vibrato ya LFO, mpigaji anaamua noti ipi itetemeke na kwa kiasi gani, huku saa ikibaki na kazi ya kutetemesha. Velositi ikidhibiti kiasi cha envelopu ya filta, mdono wa nguvu unafunguka zaidi kuliko mdono laini, na hiyo ndiyo tabia ya karibu kila ala ya nyuzi. Nasibu ndogo kwenye kasi ya LFO inaondoa ule uzunguko unaochosha kwenye padi ya dakika mbili.

Angalia jambo moja. Vyanzo viwili kwenye nobu moja hujumlishwa. Envelopu ya oktava 3 na LFO ya oktava 3 zikikutana juu, mkato unafika oktava 6, na ile 200 Hz imekuwa 12,800. Sauti inakwaruza, unashusha ukubwa wa sauti, bado inakwaruza. Gawa kiasi: oktava 3 kwa kinachoongoza, nusu oktava kwa msindikizaji.

Kwa hali yako

Besi au logi dramu inakosa kishindo: envelopu fupi kwenye pichi na filta, na nasibu ya mwanzo wa wimbi kwenye 0%. LFO iweke kando kwanza.

Padi ya taarab ya kisasa au ya kwaya imekaa kama ubao: LFO ya polepole ya kila noti kwenye filta, mzunguko mmoja kwa pigo 8 au 16, na senti chache za nasibu. Envelopu hapa ni ya sauti tu, ataki 400 ms kwenda juu.

Unatengeneza singeli na mstari unasikika matope: hesabu 60,000 gawanya kwa tempo, gawanya tena kwa 4, na dikei isizidi jibu. LFO zote shusha hatua moja chini ya ulizozoea kwenye muziki wa polepole.

Una kompyuta na mausi tu, huna kinanda: velositi itakudai kazi ya mikono noti kwa noti. Chanzo cha nasibu cha kila noti, kina cha 8% hivi kwenye mkato, kinakupa sehemu kubwa ya uhai huo bure. Bado, noti za mkazo ziandike mwenyewe. Nasibu haijui pigo la kwanza ni lipi.

Unapiga jukwaani na bendi isiyofuata klik (mlio wa kuhesabia tempo): LFO zinazofuata tempo zitakuaibisha mpigaji ngoma akiongeza kasi. Ziweke kwenye Hz, modi ya Trigger, na kina chake kikae kwenye gurudumu ili uweze kukifunga kabisa likianza kwenda kombo.

Na kama hujui bado unataka nini, irudie ile sauti ya msumeno na filta ya 200 Hz, ukiipa chanzo kimoja tu kwa wakati, noti moja ndefu na nyingine fupi. Ukisikia mwendo mzuri kwenye noti fupi na wa kuchosha kwenye ndefu, unahitaji envelopu. Ukisikia kinyume chake, anza na LFO.